Kimya Tulichomwekea Redio

Kijiwe chetu kiko njia panda ya Kamuli, mbele ya ghala la kahawa ambalo mwenyewe alilifunga akahama, akatuachia baraza, mizani iliyokufa na gogo la mkaratusi ambalo tumelikalia mpaka linang'aa kuliko viti vya kanisani. Mackrine huweka hapo birika lake juu ya jiko la mkaa, na pembeni ungo mdogo wa kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa, ambayo huku kwetu mgeni hutiliwa kiganjani kabla hajaulizwa shida yake. Mimi ni fundi viatu. Nakaa chini mwisho wa gogo na sindano yangu, na nasikia kila kitu, maana mtu akishavua kiatu husahau kwamba fundi naye ana masikio. Wanaokutana pale ni wajuaji watupu, hawana jambo wasilo na maelezo yake. Jioni ya Pastory waliyamaliza maelezo yote, na mpaka leo sijaisahau.

Pastory alitokea kwenye kona, na sote tukanyamaza. Cleophace alikuwa katikati ya hadithi, akaiacha hapo hapo. Mackrine alishika mfuniko wa birika usipige kelele. Pastory akatupita akiangalia chini, mkono wake wa kulia ukitetemeka kwenye mfuko wa suruali, na alipofika usawa wa gogo akapunguza mwendo kidogo, kama mtu aliyedhani ameitwa. Hakuna aliyemwita. Akaendelea kuteremka kuelekea kwa watu wa bodaboda, na alipopotea nyuma ya migomba tukapumua.

Kimya kile kilikuwa cha makusudi, na kilikuwa cha upendo. Naomba hilo lieleweke kabla hamjatutukana.

Huyo Pastory tulikuwa tunamwita Redio. Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo ya vyoo, yeye na mwenzake Ildefonsi, mtu mpole ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Mmoja anachimba chini, mwingine yuko juu anavuta ndoo za udongo kwa kamba. Wachimbaji wa huku wana kawaida yao: aliye juu haachi kuongea. Anaongea chochote, mpira, mke wa jirani, ng'ombe wa nani kavunja uzio, na kila baada ya muda anauliza chini, "Upo?" na wa chini anajibu, "Nipo." Wa chini akisikia kimya juu, anatupa sururu na kupanda kamba bila kuuliza, maana kimya ni hatari. Pastory aliifanya kazi hiyo tangu ujana, mpaka kawaida ya shimoni ikahamia kwenye gogo letu. Ukikaa kimya kidogo tu ukiwaza mambo yako, anakugonga kiwiko: "Upo?" Usipomjibu "Nipo" hakuachi. Tulimcheka sana kwa hilo.

Masika yaliyopita kuta za shimo zilimwangukia Ildefonsi akiwa chini. Pastory aliteremka kwa kamba kumfukua kwa mikono, udongo ukaanguka mara ya pili ukamfunika na yeye mpaka kifuani. Watu walifika na majembe. Pastory walimtoa. Ildefonsi walimtoa pia, lakini huyo ilikuwa ni kwa ajili ya kumzika. Kilichosemwa kule chini kati ya wawili hao hakuna aliyekijua.

Tangu hapo Redio ilizimika. Hakukaa tena nasi kijiweni, hakucheka, hakula vizuri. Siku moja Mzee Projest aligonga kengele ya kanisa letu la kigango, ambayo ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na Pastory aliyekuwa anapita akajitupa chini, mikono kichwani, barabarani, mbele ya watu. Ndipo Novatus, mmoja wa wajuaji wa gogo, akatoa hukumu kwamba mishipa yake ya fahamu imeumia na haitaki makelele. Tukakubaliana: Pastory akipita, kimya. Kijiji kizima kikafuata. Wanawake mtoni wakawa wanashusha sauti. Kengele ikawa inapigwa kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Hata watoto walikatazwa kumpa shikamoo.

Sasa jioni ile, hata hatujamaliza kupumua, akaja Kokuberwa, mke wake, anatembea haraka, kitenge kimefungwa vibaya. Alituamkia kwa mkato tu, jambo ambalo si tabia yake, akasimama mbele ya gogo.

– Mume wangu kafunga begi, alisema. Kateremka kutafuta pikipiki ya kumfikisha Nkwenda, alale huko, asubuhi avuke aende Uganda kwa binamu yake. Nimemuuliza sababu. Siku hizi hasemi, ananong'ona tu. Kaninong'oneza, "Wamenitoa." Basi. Ninyi ndio mliokuwa rafiki zake. Akirudi kuchukua begi nataka niwe na neno la kumwambia. Niambieni mume wangu ana nini.

Hakungoja. Alikuwa ameacha sufuria ya ndizi motoni, na nadhani hakutaka tumwone akilia. Alipoondoka, wajuaji wangu walikaa sawa. Mke wa mtu ameomba jibu, na jibu ndiyo bidhaa pekee tuliyonayo kwa wingi pale.

Wa kwanza alikuwa Novatus, tunayemwita Daktari wa Mbuzi, kwa sababu zamani alimbebea mkoba bwana mifugo na tangu hapo hajawahi kukubali kwamba yeye si bwana mifugo.

– Nimewapasua mbuzi wengi, alianza, kwa hiyo naongea kitu nilichokishika kwa mkono. Kuna mshipa unatoka kwenye ubongo, unashuka shingoni pembeni ya koo, unapita moyoni, unakwenda mpaka tumboni. Ni huo huo mmoja. Mnyama akistuka vibaya, mshipa ule unakaza wote. Moyo unakimbia, tumbo linafunga, sauti inakauka. Ndiyo maana Pastory hali wala hasemi. Sio ukaidi. Ni mshipa.

– Na uso? aliuliza Mzee Projest. Mbona uso wake hauna mtu?

– Mshipa una ndugu zake wanaokwenda usoni na masikioni. Ukilala mmoja, ukoo mzima unalala.

Nikiri kwamba maelezo hayo yalinigusa. Nilimkumbuka Pastory alivyokuwa akicheka, nyusi zinapanda, masikio yanachezacheza, na nilivyomwona sasa hivi akipita na uso kama ukuta ambao haujapigwa lipu. Lakini kijiweni mtu akisema la maana, lazima mwingine aliharibu. Cleophace alikuwa anasubiri zamu. Huyu ni fundi umeme, jina lake la kijiweni ni Shoti, alilopewa na waumini baada ya kufunga taa za kanisa kwa ajili ya Krismasi.

– Daktari, hapo umeingia kwenye fani yangu, alisema. Mshipa ni waya. Sasa radi ikipiga, meni swichi inajikata yenyewe, na inajikata ili kuokoa nyumba. Nyumba haijaungua, bwana. Ni giza tu. Pastory yupo ndani, kajikata.

– Nani wa kumwasha? aliuliza Novatus.

– Humwashi hivi hivi, utamlipua. Unamtafutia kwanza waya wa ardhini. Tunachukua shaba, tunamfunga kifundoni, ncha tunaichimbia kwenye udongo wenye maji, anakaa pekupeku hapo siku nzima. Hofu yote inashuka chini.

Mackrine aligeuka kutoka kwenye jiko. Huyu mama ni mkali kwa kila mtu kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana hatujamtafutia jina la utani.

– Mtu katolewa udongoni nusu maiti, alisema, wewe unataka kumrudisha udongoni?

– Si yeye, mama. Ni waya tu unaozikwa.

Neno hilo la kuzikwa lilitua vibaya. Kila mtu akachukua buni moja kwenye ungo akatafuna. Kisha Mzee Projest akakohoa. Yeye ndiye mgonga kengele, na sisi humwita Askofu kwa kuwa huongea kama aliyekwisha kuwekewa mikono.

Askofu alisema sisi tunahangaika na mwili wakati jambo lenyewe liko juu zaidi. Kwa maelezo yake, Ildefonsi alikufa akiwa na maneno mdomoni. Sauti yake ikapita kwenye udongo ikitafuta pa kutokea, ikalikuta koo la Pastory, ambalo kila mtu anajua lilikuwa wazi siku zote. Sasa koo moja lina sauti mbili, zinagombea mlango, na ndiyo maana haitoki hata moja. Dawa ni kumpeleka kwenye lile shimo, kumsimamisha ukingoni, na kugonga rimu kwa nguvu mpaka sauti ya marehemu iogope iondoke.

– Si ndiye aliyeanguka chini kwa rimu hiyo hiyo? aliuliza Mackrine.

– Alianguka kwa sababu niligonga mara chache, alijibu Askofu, na wala hakuona aibu.

Baada ya hapo mambo yalichanganyika. Cleophace alihama kutoka kwenye waya akaenda kwenye ule mnara wa simu wa kilimani, akadai mawimbi yake yanaingia kwa mtu aliyejeruhiwa mishipa kama nyuki kwenye mzinga wa mwenzao. Novatus, kwa kuona anapitwa, akaongeza dawa. Alitaka Pastory afungiwe ndani gizani, madirisha yazibwe kwa majani ya migomba, mtu asiongee naye wala kumgusa mpaka mvua ziishe. Alisema aliwahi kumfanyia hivyo mbuzi aliyenusurika na mbwa.

– Na mbuzi alipona? aliuliza Mackrine.

– Alitulia.

– Alitulia au alikufa?

Novatus akanyoosha mkono kwenye ungo wa buni. Siku nyingine tungecheka mpaka tushike mbavu. Jioni ile kicheko kilianza kikakwama, kwa sababu sote tuliwaza njia ya kwenda Nkwenda, na Pastory nyuma ya pikipiki na begi lake, akituacha.

Mackrine akasema jambo dogo, na alilisema akipuliza mkaa, kwa hiyo ni mimi tu niliyelisikia vizuri. Alisema juzi Cleophace alipovunja kikombe, yeye Mackrine alisahau makubaliano akamfokea kwa sauti yote aliyonayo. Pastory alikuwa amesimama pale kwenye mizani, na badala ya kukimbia alibaki anawatazama. Mkono wake ukatulia. Alikaa pale kama mtu anayeota moto, mpaka Novatus alipomwona na kutuashiria tunyamaze. Ndipo mkono ukaanza tena na yeye akaondoka.

– Ilitokea tu, alisema Novatus nilipomrudia maneno hayo.

Wakati huo Laurensia alikuwa anapanda kilima na kikapu mgongoni. Ni mjane wa Ildefonsi. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Uwiduhaye, kwa hiyo huku tunamwita Mama Uwiduhaye. Tangu mazishi hajawahi kukanyaga kijiweni, na tulipomwona kila mtu akatafuta pa kuweka macho. Tukafanya tulichokizoea. Tukanyamaza.

Yeye hakunyamaza. Alitua kikapu, akampa Askofu shikamoo, akamwuliza habari za mgongo wake. Akamwuliza Novatus habari za nyumbani, na za watoto, na za yule aliyeolewa Ihanda, na kahawa imezaa vipi upande ule. Akaja kwa Cleophace, akaja kwangu, akauliza mke wangu ameshindaje na kama dawa imemsaidia. Zilikuwa salamu za huku kwetu, zile ndefu, na tulizijibu kwa kuguna na kuitika kama watu waliosahau namna ya kufanya hivyo. Mackrine alimtilia buni kiganjani. Laurensia alitafuna, akashukuru.

– Namtafuta Pastory, alisema. Tangu matanga namtafuta. Nikienda kwake anatokea mlango wa nyuma.

Askofu alimwambia kwa upole kwamba kulaumu hakutamrudisha marehemu.

– Nani kasema nakuja kulaumu, mzee wangu? Mimi nataka kitu kimoja. Mume wangu aliondoka asubuhi ananiomba nimwekee chumvi kidogo kwenye maharage. Hilo ndilo neno nililobaki nalo. Lakini yeye alikufa saa za alasiri, na kule chini aliongea, namjua, aliongea. Maneno yake ya mwisho anayo mtu mmoja tu. Nasikia mtu huyo anaondoka leo.

Novatus akaona ni wajibu wake kumweleza. Alimwambia habari ya mshipa, vizuri tu na kwa heshima. Akamwambia kwamba Pastory hajamkimbia yeye peke yake, ameukimbia ulimwengu, na kwamba sisi tumefanya kila tuwezalo. Hatupigi kelele akipita. Hatumwiti. Hatumsalimu. Watoto wamekatazwa, kengele imefungwa kitambaa. Kijiji kizima, alisema Novatus, na nilisikia fahari kwenye sauti yake, kijiji kizima kimemwekea kimya.

Laurensia alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameacha kutafuna.

– Mmemnyamazia Pastory?

– Kwa kumhurumia, Mama Uwiduhaye.

– Ninyi nyote? Mtu wa shimoni?

Novatus akaitikia kwa kichwa.

– Sasa aliye juu akinyamaza, aliuliza Laurensia, aliye chini atajuaje kwamba yupo?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa. Nilimtazama Novatus, nikamtazama Shoti, nikamtazama Askofu. Kila mmoja wetu aliijua kawaida ile ya wachimbaji. Tulikuwa tumeicheka kwa miaka. "Upo?" "Nipo." Alikuwa ametufundisha kwa kiwiko, kwenye gogo hili hili, na sisi tukaenda tukamwekea kile kitu kimoja ambacho mwili wake wote ulifundishwa kukikimbia. Wamenitoa, alimwambia mkewe, na kweli tulikuwa tumemtoa kati yetu. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba sindano ilinichoma na sikuitoa mara moja.

Hapo pikipiki ikasikika. Pastory alikuwa anarudi kwa miguu kufuata begi, na bodaboda anamfuata nyuma taratibu. Alipotuona akainamisha kichwa, akasogea upande wa pili wa barabara. Midomo yetu ikajifunga yenyewe. Nataka niseme kwamba nilijaribu. Nilifungua mdomo, lakini mazoea yalikuwa yamenikaa kooni, na nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Laurensia alisimama. Hakumwita jina. Alianza tu kuongea, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyekaa ukingoni na kamba mkononi.

– Ule mgomba wa nyuma ya nyumba umeangushwa na upepo, alisema. Mkungu ulikuwa bado mchanga. Nimewapa nguruwe. Uwiduhaye ana kikohozi, lakini si kibaya. Jirani kanunua mbuzi mwenye pembe moja, kila mtu anamcheka, mwenyewe hajali. Kesho nadhani mvua itanyesha, mawingu yamekaa upande wa Rwanda.

Pastory alikuwa amesimama. Alikuwa ametugeuzia mgongo, lakini alikuwa amesimama. Bodaboda naye akasimama nyuma yake.

– Kahawa ya bondeni imewahi kuiva mwaka huu, aliendelea Laurensia. Ndege wanaila. Pastory, upo?

Niliona mabega yake yakishuka. Sijui namna ya kulieleza zaidi ya hivyo. Yalikuwa yamepanda mpaka masikioni tangu masika, tukayazoea tukadhani ndivyo alivyo, na sasa yakashuka.

– Nipo, alisema Pastory.

Ilitoka kavu na ndogo. Bodaboda akazima pikipiki.

Laurensia alivuka barabara akamshika mkono, ule unaotetemeka, akamleta kwenye gogo. Tulisogeleana kumpa nafasi yake ya zamani. Mackrine alimmiminia kahawa akampa kwa mikono miwili, na nusu yake ilimwagika kwenye suruali, na Mackrine akamfokea, na nilimwona Pastory akimtazama kwa shukrani. Kisha akamgeukia Laurensia. Alianza kwa kunong'ona, ikabidi tuiname.

Alisema udongo ulipomfunika, alimsikia Ildefonsi chini yake. Hakuwa mbali. Sauti ilikuja kupitia udongo, akaihisi tumboni kuliko masikioni. Ildefonsi hakulia wala hakuomba. Alikuwa anauliza tu, "Upo?" Pastory akajibu, "Nipo." Wakaendelea hivyo. Alimwambia watu wanakuja, akamwambia habari za mpira, akaongea upuuzi wote aliokuwa nao, na kila mara Ildefonsi anauliza, na yeye anaitika. Kisha udongo ulishuka tena kidogo, ukambana kifua.

– Akauliza tena, alisema Pastory. "Upo?" Nikataka kuitika. Pumzi haikuwepo. Mdomo niliufungua, Mama Uwiduhaye, niliufungua, nikaingiza udongo. Akauliza mara nyingine, pole pole. Halafu hakuuliza tena.

Alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi ndiye niliyevishona, ni vya matairi, vizito.

– Hilo ndilo neno lake la mwisho. Ndilo ninalokukimbia nalo. Mimi niliyekuwa naongea maisha yangu yote nilinyamaza pale tu. Kisha nikatoka, na kijiji chote kikaninyamazia, nikajua kwamba mmejua nilivyonyamaza, na kwamba nimestahili.

Kokuberwa alikuwa amefika, sijui saa ngapi, amesimama nyuma ya mizani na kitambaa mdomoni. Hakuna aliyemwambia mume wake ana nini. Alisikia mwenyewe.

Pastory aliinua uso akamwangalia Laurensia, na uso ule sasa ulikuwa na mtu ndani yake, na ningependa kusema ilikuwa furaha kumwona, lakini alikuwa mtu mwenye maumivu makubwa.

– Wewe ndiye unayemjua, alisema. Niambie. Alijua kwamba nipo?

Novatus hakuwa na mshipa wa kuutaja. Cleophace aliangalia mikono yake. Askofu, aliyekuwa na jibu la kila kaburi katika kata hii, alivua kofia akaishika magotini. Laurensia angeweza kumdanganya, na sisi sote tulitaka amdanganye, lakini hakuwepo kule chini, na Pastory angejua. Machozi yalimtoka tu. Hakujua, na hakuna mtu atakayejua, wala sasa wala baadaye.

Kimya kikaanza kuingia. Nilikiona kikiingia. Mkono wa Pastory, uliokuwa umetulia mkononi mwa Laurensia, ukaanza tena.

– Migomba yangu ya bondeni imepata mnyauko, alisema Mackrine kwa sauti ya juu, na hapakuwa na mtu aliyemwuliza habari za migomba. Nimekata mitatu. Sijui nitapanda nini pale.

– Panda maharage, alisema Cleophace haraka. Au mihogo. Mihogo inavumilia.

– Mihogo ardhi ile? alisema Novatus. Wewe umeme umekuharibu.

Askofu akasema senene, wale panzi wetu wa kukaanga, mwaka huu watachelewa, yeye anawajua kwa upepo. Bodaboda, ambaye hatukumjua hata jina, akasogea kwenye gogo akasema kwao Nkwenda wameshaonekana wachache kwenye taa. Askofu akambishia. Mimi nikasema viatu vya matairi vinahitaji kushonwa upya kila masika, maneno ya kipuuzi kabisa. Laurensia aliongea habari za kikohozi cha Uwiduhaye. Mackrine aliinamisha birika, halikutoa kitu. Mkaa ulikuwa umekuwa majivu na hakuna aliyeondoka. Tuliongea mpaka tukaanza kurudia yale yale, na pale maneno yalipotuishia kidogo, Pastory aliuliza, akiangalia chini:

– Mpo?

Tuliitika sote. Laurensia alikuwa bado analia, lakini na yeye aliitika.